Maneno Yaliyovuka Maji Kabla Yangu

Siku ya kwanza niliyokaa katika chumba cha mahakama nchini Uingereza kama mkalimani, nililishika daftari langu kwa mikono miwili ili lisionekane linatetemeka. Jaji alikuwa bado hajaingia. Nikainua macho, nikaona ukutani nembo ya ufalme: simba upande huu, farasi mwenye pembe moja upande ule, na chini yao utepe wenye maandishi. "Dieu et mon droit." Nikayasoma mara ya pili, kwani sikuamini. Kilikuwa Kifaransa. Mungu na haki yangu.

Mimi niliyesomeshwa Kifaransa kwa fimbo huko Bujumbura, Burundi, nikaja huku na kuelezwa na kila mtu kwamba lugha hiyo hapa haina kazi, nimeikuta imetundikwa juu ya kiti cha jaji wa Kiingereza. Tangu siku hiyo sijaacha kuuliza ilifikaje pale.

Nilizaliwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura. Nyumbani Kiswahili, sokoni Kirundi, darasani Kifaransa. Kiingereza kwetu kilikuwa lugha ya nyimbo za redioni. Nilipofika Uingereza nilikuwa mtu mzima mwenye mke na binti mdogo, na Kiingereza changu hakikutosha hata kumweleza daktari mahali panaponiuma.

Wiki ya pili nilimwuliza jirani "library" iko wapi. Nilitaka kununua kamusi, na kwa Kifaransa "librairie" ni duka la vitabu. Nikaelekezwa, nikaingia, nikachagua kamusi nene inayoeleza asili ya kila neno, nikaipeleka mezani na kuuliza bei. Dada aliyekuwa pale akaniambia kwa upole kwamba hapo vitabu haviuzwi. Kamusi ile husomwa papo hapo, vitabu vingine naweza kuazima na kwenda navyo nyumbani, na sitalipa chochote. Akaniandikia kadi. Nilikuwa sijawahi kupewa kadi ya kitu chochote katika nchi ile bila kuulizwa maswali mengi kwanza. Nikawa narudi pale kila Jumamosi.

Na neno la kwanza nililolitafuta katika kamusi ile lilikuwa hilohilo lililonipoteza njia. Kumbe zamani hata Wafaransa wenyewe walisema "librairie" kwa maana ya maktaba. Waingereza walilichukua neno likiwa na maana hiyo na wakaitunza. Waliohama ni Wafaransa. Jambo hilo lilinishangaza, kwa sababu nilikuwa nimezoea kudhani kwamba aliyeazima ndiye anayeharibu.

Historia yenyewe inaanzia vitani. Tarehe 14 Oktoba 1066, William, mtawala wa Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, aliyekuwa amevuka bahari na jeshi lake, alimshinda Mfalme Harold wa Uingereza karibu na Hastings. Siku ya Krismasi mwaka huohuo akatawazwa Westminster. Mabwana wapya walisema Kifaransa cha kwao Normandy, na kwa muda wa karne tatu hivi ikulu, mahakama na mashamba makubwa yaliendeshwa kwa lugha hiyo, huku mkulima akibaki na Kiingereza chake. Wataalamu wa lugha hukadiria kwamba maneno yapatayo 10,000 ya Kifaransa yaliingia katika Kiingereza katika zama zile, na robo tatu hivi bado yanatumika. Mfano unaotolewa kila mahali ni wa nyama: ng'ombe akiwa malishoni huitwa kwa neno la Kiingereza, "cow", akifika mezani huitwa kwa neno la Kifaransa, "beef". Ni mfano mzuri, lakini riziki yangu ilikuwa mahakamani, na huko ndiko nilikotazama.

Mwaka 1362 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu hawakuielewa lugha iliyotumika kuwashtaki na kuwahukumu. Sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Na hata baada ya hapo wanasheria waliendelea na Kifaransa chao cha mahakamani katika vitabu na kumbukumbu zao, mpaka sheria iliyoanza kutumika mwaka 1733 ilipofunga mlango huo.

Niliposoma habari za 1362 nilifunga kitabu nikakaa kimya. Nilimwona mkulima wa Kiingereza amesimama mbele ya wakubwa, katika nchi aliyozaliwa, akisikia jina lake likitajwa katikati ya maneno asiyoyajua, akitazama midomo ya watu ili abahatishe kama anaachiwa au anafungwa. Mtu huyo namfahamu. Ni yule ninayeketi pembeni yake kila wiki, isipokuwa yeye ametoka Uvira kule Kongo au Rumonge kule Burundi. Waingereza nao waliwahi kumhitaji mkalimani nyumbani kwao wenyewe. Nimewaambia hivyo wateja kadhaa tukiwa kwenye viti vya kungojea, wakiwa na hofu, na nimeona mabega yao yakishuka.

Alama za zamani hizo bado zimejaa katika karatasi ninazosomewa kila siku. Wosia huitwa "will and testament". Mali huitwa "goods and chattels". Kuvunja nyumba ni "breaking and entering". La kwanza ni la Kiingereza, la pili lilikuja na Kifaransa au Kilatini, na makarani waliyazoea yakiwa yameshikana mikono. Miezi ya mwanzo niliteseka nikitafuta maneno mawili ya Kiswahili kila nilipokutana na jozi kama hizo, nikidhani ni mambo mawili. Wosia ni wosia. Nimejifunza kusema mara moja na kunyamaza.

Kisha nikageuka kuitazama lugha yangu. Hebu taja maneno ya mahakama zetu: sheria, hukumu, hakimu, wakili, shahidi, dhamana, rufaa. Yote asili yake ni Kiarabu. Sasa taja yale yanayomfikisha mtu huko: mwizi, kuiba, kuua, kupigana. Ni ya Kibantu. Hata kiapo, kwamba mtu ataapa, ni chetu tangu zamani. Waingereza ni hivyohivyo: "thief", "steal" na "oath" ni ya kwao, lakini "judge", "jury", "court", "bail" na "appeal" yalikuja na Wafaransa. Kiarabu kilitufikia kwa majahazi, kwa biashara, dini na ndoa, hakikuja kwa vita ya siku moja, na tofauti hiyo siidharau. Lakini tangu nilipoliona hilo nimeacha kuwasikiliza wanaosema Kiswahili si lugha kamili kwa sababu ya maneno yake ya kuazima. Wakaseme hivyo London kwanza.

Sasa nieleze siku ambayo sitaisahau. Sitasema mtu huyo ni nani, wala ofisi ilikuwa wapi. Alitoka mashariki ya Kongo, na Kiswahili chake kilichanganyika na Kifaransa, kama tunavyosema wengi tuliokulia upande ule. Ofisa alimwuliza amejuaje habari za watu walioshambulia kijiji chao. Akajibu, "Nilikuwa pale, ndugu. J'ai assisté à l'attaque." Ilikuwa saa ya tatu tangu tuanze, hatujanyanyuka hata kunywa maji. Mdomo wangu ukaliokota neno la Kiingereza lililokuwa karibu zaidi, lenye sura ileile. Nikasema, "I assisted in the attack."

Kalamu ya ofisa ikasimama. Aliniangalia mimi kwanza, kisha yeye. Akauliza taratibu, neno kwa neno: alisaidia kwa namna gani?

Nilihisi damu inanikauka. Kwa Kifaransa, "assister à" ni kuwapo mahali jambo linapotendeka, kuliona kwa macho. Mtu huyo alikuwa amesema ameshuhudia kijiji chake kikichomwa. Mimi, kwa neno moja, nilikuwa nimemtia kundini mwa waliokichoma. Na ubaya wake ni kwamba neno hilo ni lilelile. Waingereza walilichukua kwa Wafaransa likiwa na maana zote mbili, ya kuwapo na ya kusaidia. Kifaransa kimebaki nazo zote. Kiingereza cha leo kimebaki na ya kusaidia peke yake.

Niliinua mkono. Nikasema mkalimani amekosea, nikaeleza neno alilolitumia na maana yake, nikaomba irekebishwe na iandikwe kwamba kosa ni la mkalimani, si la mhojiwa. Ofisa akaandika. Kisha nikamgeukia yule bwana na kumweleza kwa Kiswahili yote yaliyopita, maana ni haki yake kujua yanayosemwa kwa jina lake.

Akanitazama kwa muda. "Kumbe ni neno moja tu, ndugu?"

"Neno moja, ndugu yangu. Nisamehe."

Akatikisa kichwa kukubali. Tukaendelea. Jioni nilipofika nyumbani sikula. Mke wangu alinitazama, akaniwekea chai, hakuniuliza.

Kesho yake nilianza daftari jipya, lenye safu tatu: Kifaransa, Kiingereza, Kiswahili. La kwanza likawa hilo la "assister". La pili likawa "demander", kwa sababu wateja wangu wote husema "je demande l'asile", na mkalimani mchovu atasema "I demand asylum". Kifaransa kinamaanisha naomba hifadhi. Kiingereza kinamaanisha nadai, tena kwa ukali. Ni mahakama zilezile za baada ya 1066 zilizolikaza neno hilo. Mtu aliyesimama kudai haki yake kisheria alisema "demander", na kwa kutamkwa sana na watu wanaodai, likapoteza unyenyekevu wake. Kiswahili kina kuomba na kudai, na mtoto wa miaka mitano anajua lipi la kumwambia bibi yake. Katika kazi hii nimeona mara nyingi kwamba safu ya tatu ndiyo inayoniokoa. Nikipita kwanza katika Kiswahili, nikajiuliza mtu huyu kwa lugha yetu angesema nini, neno lenye sura ya kunidanganya haliniponyoki tena.

Sura hizo hazidanganyi kila mara. Mara nyingine zinafungua. "Plaintiff" lilinisumbua hadi nilipoona ndani yake "plaindre", kulalamika, na papo hapo nikaona kwamba sisi tulifika palepale bila kuwauliza: mlalamikaji. "Verdict" ni usemi wa kweli. "Jail" ni tundu, kizimba cha kufungia ndege au mnyama, na waliozoea kusoma magazeti ya zamani wamekutana na umbo lake jingine, "gaol", la Kinormani. Tunaposema jela tunalitumia neno lililovuka maji mara mbili. Hata waranti ya polisi na garantii anayokupa muuza redio ni neno moja: Wanormani walitamka "w" pale ambapo watu wa Paris walitamka "g", na Waingereza wakayachukua yote mawili kwa nyakati tofauti.

"Mortgage" nililikuta nikimfanyia ukalimani baba mmoja aliyetaka kununua nyumba. Niliona "mort" mwanzoni mwake, kifo, nikashtuka, nikadhani nimesoma vibaya. Ni "mort gage", rehani mfu. Mwanasheria Edward Coke, aliyeishi karne ya 16 na 17, alieleza kwamba mkopaji asipolipa, ardhi imemfia yeye. Akilipa, rehani imemfia mkopeshaji. Nilimwambia yule baba, "Mzee, hii ni rehani ya nyumba," sikuongeza habari ya kifo. Lakini niliona alivyoisaini kwa mkono mzito, nikawaza kwamba hakuhitaji kuambiwa.

Kuna neno moja katika daftari langu ambalo sikulitafuta, lenyewe lilikuja.

Vita vilipoanza kwetu, baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, redio ilitangaza "couvre-feu". Sisi watoto tulilijua kama neno moja, gumu, la serikali: saa fulani ikifika, usionekane njiani. Bibi yangu hakujua Kifaransa. Alijua tu kwamba neno hilo likitajwa, giza linakuja na hofu yake. Alikuwa anatuita ndani, anafunga mlango kwa komeo, kisha anainama kwenye jiko la makaa na kuyafukia kwa majivu, polepole, mpaka wekundu wote upotee. Alitaka mwanga usionekane nje, na pia alfajiri akute kaa lililo hai la kuwashia. "Moto umelala," alituambia. "Na nyinyi laleni."

Miaka mingi baadaye, Jumamosi moja maktabani, nikalitafuta "curfew". Lilikuwa "couvre-feu" lililosagwa na midomo ya Kiingereza: funika moto. Katika miji ya Ulaya ya zamani kengele iligongwa jioni, na kila nyumba ilitakiwa kuufunika moto wake ili nyumba za mbao zisiungue usiku. Nilikuwa nimelisikia neno hilo utotoni kila siku, ndani ya lugha niliyoisoma shuleni, na sikuwahi kusikia kwamba ndani yake mna moto. Bibi, ambaye hakujua herufi yake hata moja, alikuwa akilitenda kila jioni mbele ya macho yangu. Nililia pale mezani. Mwaka 2020, Kenya ilipoweka kafyu kwa ajili ya ugonjwa wa korona, ndugu zetu wa Nairobi walinitumia ujumbe wakilalamika kuhusu kafyu, na kila nilipoliona neno hilo limeandikwa kwa herufi zetu nilimwona bibi ameinama na majivu mkononi.

Binti yangu, ambaye Kiingereza sasa ndicho anachokiotea ndoto, hupenda nimwulize maneno ya jikoni. Supu, soseji, juisi, biskuti, karoti, kabichi: yote hayo Kiswahili kimeyapata kwa Waingereza, nao waliyapata kwa Wafaransa. Biskuti ni kitu kilichopikwa mara mbili. Kabichi ni kichwa, na alipolisikia hilo alilibeba kabichi kwa mikono miwili kana kwamba linaweza kuongea. Analipenda zaidi bajeti. Asili yake ni "bougette", kimfuko cha ngozi. Waingereza wakakifanya mfuko wa waziri wa fedha wenye hesabu za nchi, kisha Wafaransa wakaja kulichukua tena kwa Waingereza likiwa "budget". Limetoka kwao likiwa mfuko mtupu, limerudi na fedha za serikali. Kule Burundi sote tulidhani ni la Kifaransa tangu kuumbwa. "Sport" nalo lilisafiri hivyohivyo, kwenda na kurudi.

Nimalize kwa neno ninalolitamka kuliko yote.

Mwaka 1685 Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alifuta amri ya Nantes, iliyowapa Waprotestanti wa nchi yake ruhusa ya kuabudu. Wengi wao, waliojulikana kama Wahuguenot, walikimbia, na makumi ya maelfu wakaingia Uingereza. Wenyewe walijiita "réfugiés", na Waingereza wakalichukua neno hilo kwa ajili yao: "refugee". Kabla ya kumwita mtu yeyote wa Kongo, wa Burundi au wa Syria, neno hilo lilimwita Mfaransa mfumaji wa hariri. Kiswahili kinamtaja mtu huyo kwa miguu yake, mkimbizi, anayekimbia. Kifaransa kinamtaja kwa mahali alipojihifadhi. Nimewahi kuwa vyote viwili, na nasema bila kuficha kwamba nililipenda zaidi lile la pili siku nilipolijua, kwa sababu lina paa.

Wahuguenot wengi walikaa Spitalfields, mashariki ya London. Mwaka 1743 walijenga kanisa lao kwenye kona ya Brick Lane. Baadaye likawa la Wamethodisti, kisha likawa sinagogi la Wayahudi waliokimbia Ulaya mashariki, na tangu mwaka 1976 ni msikiti, katika mtaa wa Wabangladeshi. Nilikuwa nimeyasoma hayo, na Ijumaa moja ambayo sikuwa na kazi nikapanda treni na binti yangu, tukaenda.

Tuliswali. Nilipotoka nilimkuta ananingojea nje, ameinua kichwa. Juu ukutani kuna saa ya jua iliyowekwa na wale wajenzi wa kwanza, ina mwaka wao, 1743, na maneno mawili ya Kilatini, "Umbra sumus": sisi ni kivuli. Siku ile kulikuwa na mawingu, saa haikuonyesha kitu. Mzee mmoja wa Kibangladeshi aliyekuwa akivaa viatu pembeni yangu aliniuliza ninatoka wapi. Nikamwambia Burundi. Akauliza nimefika lini huku. Nikamtajia mwaka. Naye akanitajia wake.

Binti yangu akatuuliza ni nani walioijenga nyumba ile. Yule mzee akanitazama, akaniachia nijibu. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Wakimbizi, mwanangu. Wafaransa." Kisha nikamtafsiria mzee.